Kutoka Masango hadi Spika: Historia ya Waya na Sauti Yetu

Mwaka huu klabu yetu imepanga kufanya mambo mawili kwa mfuko mmoja: kununua vyombo vya sauti kwa ajili ya shughuli zetu, na kurekodi masimulizi ya wazee wetu wanaoishi Smithfield, Fairfield na vitongoji vya jirani hapa magharibi mwa Sydney. Fedha hizo ni za michango, kwa hiyo kila dola ina mwenyewe. Katika kikao cha kupanga matumizi lilizuka swali ambalo hatukulitegemea. Je, tununue nyaya za bei kubwa, zile zinazouzwa kwa ahadi kwamba shaba yake ni safi zaidi na sauti yake ni tamu zaidi? Wengine walisema waya ni waya, mradi umeme unapita. Wengine wakajibu kwamba sauti ya bibi wa miaka themanini hairekodiwi mara mbili, na kwamba kubana matumizi kwenye waya ni kuitupa sauti hiyo. Kikao kikaahirishwa, nasi tunaoandika makala hii tukapewa kazi ya kutafuta jibu.

Tulidhani tungelipata kwenye kitabu cha fizikia peke yake. Lakini tulipoanza kusoma tuliona kwamba swali hili limeshaulizwa mara nyingi kabla yetu, na kwamba mara kadhaa limeulizwa katika pwani na bara walikotoka wazazi wetu. Kwa hiyo tumeandika historia fupi ya waya na sauti: waya ulivyotengenezwa, ulivyosafiri, ulivyoharibu sauti na ulivyoiokoa. Mwishoni tutarudi kwenye mfuko wa klabu.

Neno lenyewe

Tuanze na lugha. Kila siku tunasema “nipigie simu”, ingawa simu zetu hazina waya. Neno simu limetoka katika Kiajemi, ambako sim ni waya, na pia ni fedha ile ya madini. Waswahili walilichukua neno hilo wakaipa jina lake ile mashine mpya ya kupelekea habari kwa waya, yaani telegrafu, na baadaye mashine ya kuongelea. Redio ya mawasiliano ilipokuja, ikaitwa simu ya upepo: waya usio na waya. Kumbe kila tunapopiga simu tunataja waya bila kujua.

Neno shaba nalo lina mambo yake. Katika Kiswahili linaweza kubeba madini mawili: shaba nyekundu, ambayo ni madini halisi, na shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Kwa mtengeneza mapambo tofauti hiyo ni ya rangi. Kwa mtengeneza kebo ni tofauti kubwa mno, kwa sababu shaba ya manjano hupitisha umeme vibaya kuliko shaba nyekundu. Kiasi kidogo tu cha kitu kigeni ndani ya shaba hupunguza uwezo wake wa kupitisha umeme. Jambo hili litarudi mbele.

Masango na waliovuta waya

Kabla waya haujabeba sauti, ulibeba thamani. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Unguja na Bagamoyo kwenda Unyamwezi na Ziwa Tanganyika ilibeba vitu vitatu vikubwa vya kubadilishana: nguo, shanga na waya. Waya huo wa shaba ya manjano, uliokunjwa kwa mizunguko, uliitwa masango. Richard Burton, aliyepita njia hiyo kuanzia 1857, aliliandika jina hilo. Henry Morton Stanley, alipokuwa akinunua bidhaa Unguja mwaka 1871, aliambiwa kwamba waya wa namba 5 na namba 6 ndio unaotakiwa bara. Aliulinganisha unene wake na waya wa telegrafu, na akasema kwamba ng’ambo ya Tanganyika waya ulihesabiwa kama dhahabu. Kwa hiyo wapagazi wa Kinyamwezi waliubeba mabegani waya wa unene huo kabla telegrafu haijafika Unguja.

Lakini isidhaniwe kwamba waya uliingia Afrika kutoka nje tu. Huko Ingombe Ilede, katika bonde la Zambezi upande wa Zambia ya leo, wanaakiolojia walifukua makaburi ya takriban karne ya 14 hadi 16. Ndani yake kulikuwa na misalaba ya shaba, bangili za waya, koleo na vibao vya chuma vyenye matundu ya kuvutia waya. Kazi ya kuvuta waya ni ileile mpaka leo. Unachukua kijiti cha madini, unakichonga ncha, unakipitisha kwenye tundu dogo kuliko unene wake, unavuta kwa nguvu, kisha unahamia tundu dogo zaidi. Viwanda vya kisasa hufanya hivyo kwa mashine na kwa kasi kubwa, lakini mafundi wa Ingombe Ilede wangeielewa kazi hiyo wakiiona.

Jambo moja la Ingombe Ilede lilitushangaza. Baadhi ya bangili zile zilitengenezwa kwa waya mwembamba sana uliozungushwa juu ya uzi wa nyuzinyuzi za mmea, ili bangili ipinde bila kuvunjika. Sasa chukua kebo ya visikizio vya masikioni, au ule waya uliojikunja wa simu ya mezani ya zamani. Ndani ya nyingi kati ya hizo utakuta utepe mwembamba wa shaba uliozungushwa juu ya uzi wa kitambaa. Sababu ni ileile: waya unaokunjwa mara elfu lazima uwe laini, na shaba tupu hukatika. Hatusemi kwamba mmoja alimwiga mwingine. Tunasema tu kwamba watu wawili waliopewa tatizo moja, wakiwa mbali kwa karne nyingi, walifikia umbo moja la waya.

Kaskazini ya hapo, Katanga, shaba iliyeyushwa na kumiminwa kwa umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilitumika kama mali. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Msiri, mfanyabiashara mwenye asili ya Unyamwezi, alijenga dola yake yenye makao Bunkeya na kuifanya shaba kuwa moja ya nguzo zake. Aliuawa Desemba 1891, wakati msafara wa Stairs ulipokwenda kuichukua Katanga kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Tangu hapo shaba ya Katanga ikaanza kuelekea kwenye viwanda vya mbali, na huko mahitaji makubwa yalikuwa waya wa umeme.

Kebo inafika Unguja

Januari 1879 jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu huko Isandlwana. Habari hizo hazikufika London mpaka Februari 11, kwa sababu Afrika Kusini haikuwa na kebo ya kuiunganisha na Ulaya. Aibu hiyo ilifungua mifuko. Kabla mwaka haujaisha, kebo ya chini ya bahari ilikuwa imelazwa kutoka Aden kupitia Unguja na Msumbiji mpaka Durban. Sultani wa Unguja wakati huo alikuwa Seyyid Barghash. Kampuni ya telegrafu ilipata kituo katika kisiwa cha Bawe, ng’ambo kidogo ya Mji Mkongwe. Mwaka 1890 Mombasa nayo ikaunganishwa na Unguja kwa kebo.

Kebo hiyo ilijengwaje? Hapa lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu kila kebo ya sauti tunayotumia leo ni mjukuu wa kosa lililofanyika mwaka 1858. Mwaka huo kebo ya kwanza ilivuka Bahari ya Atlantiki. Ilikuwa na nyaya saba nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja, ili mmoja ukikatika sita zibaki, na juu yake kulikuwa na utomvu mgumu uitwao gutapacha, unaotoka kwenye miti ya Malaya na visiwa vya jirani. Ilifanya kazi kwa wiki chache tu. Ujumbe ulikuwa ukifika umechelewa na kuchanganyika, na fundi mkuu wa umeme, Wildman Whitehouse, alijaribu kuulazimisha kwa umeme wa nguvu nyingi mno. Kebo ikafa.

William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alikuwa ameshaeleza tatizo. Kebo ya baharini ni kama mtungi mrefu na mwembamba. Shaba ipo ndani, gutapacha katikati, maji ya chumvi nje, na umeme ukiingia hauna budi kuujaza mtungi wote kabla haujatoka upande wa pili. Tabia hii ya kuhifadhi chaji huitwa kapasitansi. Shaba nayo huupinga umeme kidogo, na upinzani huo tunauita ukinzani. Vitu hivyo viwili vikikutana, ishara iliyoingia kali hutoka imelegea, na nukta inaingia ndani ya mstari unaoifuata. Tena urefu wa kebo ukiongezeka mara mbili, ucheleweshaji huongezeka mara nne.

Thomson alipima pia shaba kutoka kwa watengenezaji mbalimbali na kugundua kwamba shaba iliyoonekana sawa kwa macho ilitofautiana sana kwa uwezo wa kupitisha umeme; baadhi ilikuwa karibu nusu ya nyingine. Kuanzia hapo usafi wa shaba ukawa kipengele cha mkataba. Kebo ya Atlantiki ya 1866, iliyofanikiwa, ilikuwa na takriban kilo 136 za shaba kwa kila maili ya baharini, wakati ile ya 1858 ilikuwa na kilo 49 tu. Shaba nene zaidi, safi zaidi, na gutapacha nyingi zaidi. Kebo ya Unguja ilikuja baada ya somo hilo kufahamika.

Je, Sydney iko wapi katika habari hii? Australia iliunganishwa na dunia mwaka 1872 kupitia Darwin, na mwaka 1876 kebo ililazwa kutoka La Perouse, hapa hapa Sydney, kwenda New Zealand. Mwaka 1893 Unguja iliunganishwa na Shelisheli na Morisi. Kisha mwaka 1901 kebo nyingine ikatoka Durban, ikapita Morisi, Rodrigues na visiwa vya Cocos, ikaibuka ufukweni Cottesloe karibu na Perth. Ukiunganisha vipande hivyo utaona kwamba kuanzia 1901 palikuwa na njia ya shaba kupita Bahari ya Hindi kutoka Unguja mpaka Australia. Ilikuwapo miaka mingi kabla ya mzazi yeyote wa mwanachama wetu kupanda ndege.

Kutoka nukta hadi sauti ya mtu

Telegrafu ilihitaji nukta na mistari tu. Simu ya kuongea, iliyopewa hataza mwaka 1876 kwa jina la Alexander Graham Bell, ilihitaji kubeba sauti nzima, na hapo waya ukaanza kuonyesha udhaifu mwingine. Simu za kwanza zilitumia waya mmoja wa chuma, na ardhi ndiyo ilikuwa njia ya kurudia. Waya huo uliokota kila kelele iliyopita jirani: telegrafu, tramu za umeme, na radi. Dawa ilikuwa nyaya mbili badala ya mmoja, tena zilizosokotana. Bell alipewa hataza ya wazo hilo mwaka 1881. Zikisokotwa, kelele inayougusa waya mmoja huugusa na mwenzake kwa kiasi kilekile, na chombo cha kupokea, ambacho husikiliza tofauti kati ya hizo mbili, hakiisikii kelele hiyo. Katika miaka ya 1880 waya wa shaba ulianza pia kuchukua nafasi ya chuma kwenye njia ndefu.

Tatizo jingine lilikuwa kwamba kapasitansi ileile ya Thomson ilikula sauti nyembamba zaidi kuliko nene, kwa hiyo msemaji wa mbali alisikika kama anaongea ndani ya blanketi. Oliver Heaviside, Mwingereza aliyejisomesha mwenyewe, alionyesha mwaka 1887 kwamba dawa ni kuongeza kwenye waya tabia inayoitwa indaktansi, ambayo huisawazisha ile nyingine. Watu wengi walimcheka. Kufikia 1900 Michael Pupin na George Campbell huko Marekani walikuwa wameitekeleza kwa kufunga koili kila baada ya karibu kilomita 2 za waya, na simu za mbali zikasikika.

Afrika Mashariki waya wa telegrafu uliandamana na reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Wanandi, waliopinga reli kupita katika ardhi yao, walizikata nyaya na kuzichukua kwa mapambo, na vyuma vya reli kwa silaha. Vitabu vya wakoloni viliita hilo wizi. Lakini kumbuka masango. Kwa miongo mingi waya ulikuwa mali iliyolipwa kwa mtu anayepita katika nchi ya mwenzake, na sasa uliwekwa juu ya nguzo kupita katika nchi ya watu bila kulipa.

Kwa upande wa Sydney, kebo ya COMPAC ilifunguliwa mpaka Kanada Desemba 1963, mwezi uleule Zanzibar na Kenya zilipopata uhuru. Hiyo ilikuwa kebo ya koaksia: waya mmoja katikati na bomba la shaba kulizunguka, na kati yao kihami. Ilibeba mazungumzo 80 kwa wakati mmoja. Umbo hilohilo, likiwa dogo, ndilo lililo ndani ya kebo ya gitaa.

Santuri, jukwaa na waya wa taa

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi santuri za taarab. Wakati huo kampuni kubwa za santuri zilikuwa zinahamia kurekodi kwa umeme, njia iliyoanza kutumika kibiashara mwaka 1925. Kabla ya hapo mwimbaji alipaza sauti ndani ya tarumbeta kubwa, na nguvu ya pumzi yake ndiyo iliyochonga nta. Kwa njia mpya sauti iligeuzwa kuwa umeme na maikrofoni, ikasafiri kwenye waya, ikakuzwa, kisha ikachonga. Waya ukawa sehemu ya uimbaji.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi kijana Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, Katanga. Mwenda alizaliwa Bunkeya, mji wa Msiri. Wimbo wake Masanga, wa Kiswahili na gitaa kavu, bado unafundishwa kwa wapiga gitaa duniani. Mji aliorekodiwa ni mji wa shaba, na Kiswahili alichoimbia ni kile kilichokua kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi.

Majumbani, hadi miaka ya 1970, watu waliunganisha spika kwa waya wa kawaida wa taa, na hakuna aliyelalamika. Ndipo Japani wakaanza kuuza nyaya za shaba isiyo na oksijeni kwa wapenzi wa muziki, na mwishoni mwa muongo huo Noel Lee wa California akaanzisha Monster Cable. Tangu hapo waya ukawa bidhaa ya anasa yenye matangazo: shaba safi kuliko zote, nyuzi zilizosukwa kwa namna ya pekee, waya wa fedha. Agosti 1983 Laurence Greenhill alichapisha jaribio katika jarida la Marekani Stereo Review. Wasikilizaji walilinganisha nyaya bila kujua upi unapiga. Waya mwembamba sana waliutambua, kwa sababu ulipunguza nguvu ya sauti. Lakini waya wa kawaida wenye unene wa kutosha uliposhindanishwa na ule wa bei kubwa, kwa muziki hawakuweza kuutofautisha kwa uhakika.

Hesabu ya ukumbi

Sasa tuje Smithfield. Jina la kitongoji hiki lilitokana na soko la mifugo la London, kwa sababu katika karne ya 19 palipangwa kuwa soko la ng’ombe. Leo upande wake mmoja umejaa maghala na viwanda vinavyoendelea mpaka Wetherill Park, na upande mwingine ni nyumba za familia kutoka kila pembe ya dunia. Harusi zetu na misiba yetu hufanyika katika kumbi za kukodi. Mara nyingi spika zinakaa mbali na amplifaya, mita 10 au zaidi.

Tumepiga hesabu. Umbali wa mita 10 ni mita 20 za shaba, kwenda na kurudi. Waya wenye eneo la milimita za mraba 0.75, kama wa taa ya mezani, utakuwa na ukinzani wa omu 0.46. Kwa spika ya omu 8, sauti itapungua kwa takriban nusu desibeli, kiasi ambacho ni vigumu kukigundua. Waya wa milimita za mraba 2.5 utakuwa na omu 0.14, na upungufu ni desibeli 0.15. Lakini ukichukua waya mwembamba wa milimita za mraba 0.2, kama ule wa kengele ya mlangoni, ukinzani unafika omu 1.7 na upungufu unapita desibeli moja na nusu. Huo unasikika. Kwa hiyo unene ni jambo la kweli, kama Thomson alivyosema.

Na usafi je? Mwaka 1913 wataalamu wa kimataifa walikubaliana kipimo cha shaba: shaba nzuri ya kawaida ya umeme iliitwa asilimia 100. Shaba isiyo na oksijeni hufika karibu 101. Fedha, ambayo ndiyo bora kuliko madini yote, hufika karibu 106. Maana yake ni kwamba waya wa shaba ulionenepa kwa asilimia 6 tu unafanya kazi ileile ya waya wa fedha, kwa bei ndogo mno. Enzi za Thomson usafi ulikuwa wa kupigania, kwa sababu shaba mbaya ilikuwa nusu ya shaba nzuri. Vita hiyo ilishinda zamani. Wauza nyaya za anasa wanatuuzia asilimia moja ya mwisho.

Husemwa pia kwamba umeme wa sauti nyembamba hukimbilia kwenye ngozi ya waya na kuacha katikati patupu. Ni kweli, lakini kwa kiasi. Hata kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambayo ni mwisho wa sikio la kijana, umeme bado unaingia karibu nusu milimita ndani ya shaba. Katika waya wa spika wa kawaida athari yake ni ndogo sana.

Kapasitansi ndiyo yenye hila. Kwa spika haina shida, lakini kwa gitaa la umeme ina shida kweli. Kebo ya gitaa ikiwa ya mita 20 badala ya 5, sauti nyembamba hupungua na gitaa husikika limefunikwa, kama simu za kabla ya Heaviside. Wapiga rumba wetu wanalijua hilo kwa sikio, hata kama hawajui jina lake.

Maikrofoni ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko vyote, kwa sababu umeme wake ni mdogo mno. Kebo yake nzuri ina nyaya mbili zilizosokotana, kama zile za 1881, na wavu wa shaba kuzizunguka. Ukitumia kebo ya waya mmoja na wavu tu kwa umbali mrefu, karibu na nyaya za taa, utasikia ule mvumo wa umeme wa mitetemo 50, na utabaki ndani ya rekodi milele. Tena kasoro nyingi tulizozikuta kwenye kebo zetu za zamani hazikuwa katikati ya waya. Zilikuwa kwenye plagi, pale palipolehemiwa vibaya au palipovutwa na mtu aliyejikwaa.

Shaba ni ya nani?

Kuna hesabu nyingine ambayo haimo kwenye vitabu vya sauti. Kebo ya spika ya mita 20 yenye unene wa milimita za mraba 2.5 ina karibu kilo 0.9 za shaba. Leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni ya pili duniani kwa uchimbaji wa shaba, baada ya Chile, na sehemu kubwa inatoka Katanga. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Desemba 1941 wafanyakazi wa migodi waligoma kudai mshahara, na askari wakawafyatulia risasi uwanjani mjini humo. Watu wengi walikufa. Mwaka 1967 migodi ilitaifishwa ikawa ya Gécamines, na baada ya kuporomoka kwake familia nyingi zilitawanyika.

Baadhi yetu tumezaliwa na watoto wa wafanyakazi hao. Babu zetu waliichimba mukuba, kama shaba inavyoitwa huko, ikaenda ng’ambo kama vipande na ikarudi kama waya wenye chapa. Wahenga walisema usione vyaelea, vyaundwa. Tunapoambiwa kwamba waya fulani una shaba “ya pekee”, ni haki kuuliza ilichimbwa na nani.

Mapendekezo yetu

Kwanza, tununue waya wa kawaida wa spika wa milimita za mraba 2.5, wa kukatiwa kwa mita, bila kujali chapa. Pili, tusifanye ubahili kwenye kebo za maikrofoni: ziwe za nyaya mbili zilizosokotana na wavu, zenye plagi imara, na tuwe na mbili za akiba. Tatu, tununue chuma cha kulehemia na tujifunze kukitumia, kwa sababu kebo nyingi zinazotupwa zinahitaji dakika kumi tu za kazi. Nne, kebo za maikrofoni zisilazwe sambamba na nyaya za umeme. Zikilazimika kupishana, zipishane kama msalaba.

Tano, na hili ndilo kubwa, fedha itakayobaki iende kwenye safari za kuwafuata wazee majumbani mwao. Kati yao wapo waliofanya kazi migodini, bandarini na posta, na kila mwaka idadi yao inapungua. Orodha ya majina iko kwa katibu. Kikao kijacho kikikubali mapendekezo haya, tuko tayari kuanza na watatu wa kwanza kabla ya likizo.